Toa pini kwanza mama, tuongee

Kuna swali naulizwa karibu kila ninapomwambia mtu kazi yangu. Nikisema nipo kituo cha kutwa cha wazee, wale wenye dimenshia, ugonjwa wa kusahau, mtu anatikisa kichwa kwa huruma afu anauliza: sasa si wanasahau? Yaani unashinda nao, unawaimbia, unawabembeleza wale, na jioni wakifika nyumbani hawakumbuki hata kama walitoka, sasa hiyo kazi yote inaenda wapi? Na wanaouliza sio watu wabaya. Wengine ni watoto wa hao hao wazee, wamechoka mpaka macho yameingia ndani, wanataka kujua kama kuna maana ya kumwamsha mzazi asubuhi, kubishana naye kuhusu shati, kumleta mpaka mlangoni kwetu, wakati kesho yake ataapa kwamba hapa hajawahi kukanyaga.

Siku zote nimekuwa najibu kifupi. Leo nataka nijibu vizuri, na ili nijibu vizuri lazima nianze na mzee mmoja niliyemkosea.

Ila kwanza kwa asiyejua, kituo cha kutwa ni kama shule ya kutwa, asubuhi wanaletwa, jioni wanarudi kwao, hakuna anayelala. Sio hospitali. Tuna ukumbi, viti vyenye mikono ya kushikilia, kibustani kilichozungushiwa uzio cha kutembea tembea, meza za kazi za mikono, chakula cha mchana, na nesi wa kupima presha na kuangalia dawa. Mzee anapata watu na cha kufanya, na aliyebaki nyumbani anapata saa kadhaa za kwenda kazini, au kulala, au kukaa tu kimya bila kuulizwa swali lile lile mara arobaini.

Huyu mzee (nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane) alikuwa mlinzi. Zamu za usiku, karibu maisha yake yote ya kazi. Asubuhi ni mtu mpole sana, anakaa dirishani anaangalia magari yanavyoegeshwa. Ila ikigonga saa tisa alasiri ni kama kuna mtu kamwita. Anainuka, anavuta mkanda wa suruali, anafunga kifungo cha juu cha shati, anaenda mlangoni. "Nachelewa." Ukimwambia mzee kaa bado mapema anakusukuma, ukimwambia wewe ulishastaafu siku nyingi ndo umeharibu kabisa, anakuona muongo, au mwizi unayetaka lindo libaki wazi.

Hii hali ya kuchafukwa jioni kila anayelea mtu mwenye dimenshia anaijua. Mchana kutwa ubongo umefanya kazi ya ziada kuelewa tu kinachoendelea, kufika alasiri umechoka, halafu ile saa ya ndani ya mwili inayotuambia huu usiku huu mchana nayo inavurugwa na ugonjwa, halafu mwanga unapungua na vivuli vinarefuka na mtu ambaye macho na ubongo havielewani anaanza kuona vitu vinavyomtisha. Na hapo hapo ndo sisi wafanyakazi tunaanza kupanga viti, kufunga madirisha, kutafuta mikoba yetu. Anayeona watu wote wanajiandaa kuondoka naye anataka kuondoka, ina ubaya gani?

Siku hiyo nilibaki peke yangu ukumbini, mwenzangu kampeleka mtu chooni, na mlango wa mbele haukuwa umefungwa vizuri, uzembe wetu huo. Nje ni barabara. Nikamwona mzee ameshika kitasa. Nilikimbia nikamfikia kwa nyuma, nikamshika juu ya kiwiko nikamvuta. Kwa nguvu, bila hata kumwita. Aligeuka akanitazama mdomo wazi, na ule mkono nilioushika ulikuwa unatetemeka kwa ndani ndani, mtetemo mdogo wa haraka ambao usingeuona kwa macho, unausikia tu kwenye kiganja. Nikamkalisha. Akakaa. Na ukweli wa Mungu nilishukuru kwamba amekaa.

Kesho yake asubuhi akaja na binti yake, ametulia, anacheka. Mwenzangu akamuuliza jana ilikuwaje mzee, akasema jana alishinda kwake amepumzika. Hana habari kabisa. Nikasogea nikasema shikamoo mzee, akaitikia marahaba safi kabisa. Nikanyoosha mkono. Akauchukua mkono wake akaupeleka nyuma ya mgongo. Nikasubiri nikidhani hajaona, nikanyoosha tena, akasema taratibu, "Hapana. Wewe hapana." Binti yake akashangaa, akamuuliza kwani huyu kakufanyia nini, akasema hajui, hajawahi kuniona.

Nilimweleza yule binti kilichotokea, pale pale, maana nisingemweleza nisingeweza kumwangalia tena usoni. Hakunigombeza. Alisema tu, kumbe inabaki. Hilo neno lake ndo lilinifanya nianze kusoma usiku, mimi ambaye kozi niliyopitia ilikuwa zaidi ya kunyanyua watu bila kuumia mgongo.

Na nikakuta kumbe jambo hili lina miaka zaidi ya mia moja. Kulikuwa na daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, alikuwa na mgonjwa mwanamke ambaye kumbukumbu mpya hazishiki kabisa (hakuwa na dimenshia kama ya wazee wetu, alikuwa na ugonjwa mwingine wa kumbukumbu), kila siku daktari anajitambulisha upya kana kwamba ndo wanaonana mara ya kwanza. Siku moja daktari akaficha pini kati ya vidole, akampa mkono, pini ikamchoma. Muda si mrefu yule mama kasahau. Ila daktari alipokuja tena na kunyoosha mkono, mama akaurudisha wake. Hakumbuki pini, hakumbuki hata daktari, ila mkono hatoi. Aliandika habari hiyo mwaka 1911. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikakaa muda mrefu gizani, maana mimi ndo nilikuwa mwenye pini.

Kuna na utafiti wa karibuni, wa chuo kikuu cha Iowa kule Marekani, 2014, huu sasa ni wa wagonjwa wa Alzheimer wenyewe, ile aina ya dimenshia inayowapata watu wengi zaidi. Walionyeshwa vipande vya filamu vya huzuni, na wakati mwingine vya furaha, kila mara kama dakika 20 hivi. Baadaye kidogo wakaulizwa mmeona nini, wengi walikumbuka kidogo sana, wanne hawakukumbuka chochote cha ndani ya filamu, na mmoja hakukumbuka hata kwamba ameonyeshwa filamu. Ila huzuni ilikuwa bado ipo. Waliendelea kupimwa mpaka nusu saa na hisia bado haijaondoka, na kilichonishtua ni kwamba wale waliokumbuka kidogo zaidi ndo huzuni iliwakalia muda mrefu zaidi. Ukifikiria ina mantiki. Mimi nikihuzunika najua kwa nini, najiambia ah ni ile filamu tu, napoa. Yeye ana jiwe kifuani na hajui limetoka wapi, atalitoaje?

Wanasema ni kwa sababu ubongo hauhifadhi kila kitu sehemu moja. Kuna sehemu ndogo imejikunja ndani usawa wa masikio, inaitwa hipokampasi, hiyo ndo inaandika matukio, leo nimefika wapi nimekula nini nimeongea na nani, na kwenye Alzheimer ni kati ya sehemu za mwanzo kabisa kushambuliwa. Hisia zina njia zake nyingine, na mazoea ya mikono, kufunga kamba, kupiga ngoma, kukunja nguo, yana njia zake nyingine tena ambazo zinachelewa kuguswa. Ndo maana mtu anaweza asijue jina la mwanae ila akaimba wimbo wa utotoni beti zote. Ndo maana kuna bibi anaweza kukaa wiki nzima hajasema neno la maana, mtoto akapita akasema shikamoo, na marahaba ikatoka hapo hapo bila kutafutwa.

Kwa hiyo ukiniuliza sasa inaenda wapi hiyo kazi yote, inaenda kule. Mzee akifika nyumbani jioni hajui alikuwa wapi, ila anaingia mlangoni na mabega yameshuka, anakula, anaongea na mjukuu vizuri. Au anaingia amekunja ngumi na hamna mtu nyumbani anajua kwa nini, hata yeye. Yote mawili tumemfungashia sisi. Tangu nielewe hivyo naichukulia saa ya mwisho ya siku kama saa nzito kuliko zote, zamani ilikuwa saa ya kufagia na kuandika ripoti, sa hivi ripoti itasubiri.

Yule mzee ilinichukua wiki kama tatu. Sikumlazimisha mkono. Nilikuwa nakuja kwa mbele anione, nasimama mbali kidogo, nasalimia, nakaa chini usawa wake au chini zaidi, naongea kidogo naondoka. Kila siku hivyo hivyo. Siku aliponipa mkono hakukuwa na chochote cha ajabu, aliutoa tu kama kawaida akaendelea kuangalia magari, mi nikaenda stoo nikalia.

Na ile saa tisa yake? Familia ilikuwa imeshaanza kuulizia dawa ya kumtuliza. Siwalaumu, alikuwa anawasumbua kweli hata nyumbani. Ila hizo dawa sio maji, tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba zile dawa za magonjwa ya akili zinazotumika kutuliza zinaongeza hatari ya kufa kwa wazee wenye dimenshia, na kwa aina nyingine ya dimenshia inayoitwa ya Lewy ambapo mtu anaona watu au wanyama ambao hawapo, zinaweza kumkakamaza mwili vibaya sana. Kuna wakati daktari analazimika kuzitoa na anajua kwa nini, mimi sio daktari. Nasema tu ziwe za mwisho.

Sisi tulinunua daftari. Daftari kubwa gumu la mistari, tukaandika juu ZAMU. Saa tisa kasorobo, kabla hajainuka, mmoja wetu anamwendea na daftari na tochi, anamwambia mzee umefika, karibu kazini, tukague. Basi anainuka na kifungo chake cha juu, tunazunguka naye. Kila mlango anaushika kitasa anautikisa mara mbili, sio moja wala tatu, mara mbili, anasikiliza, anaenda mwingine. Madirisha anayapitisha kidole kwenye ukingo. Tukimaliza anasaini. Saini yake imeharibika sana, siku hizi ni mkunjo tu na nukta, ila ile nukta anaiweka kwa kukandamiza kalamu kama mtu anayejua anachoweka. Afu anakaa kwenye kiti karibu na mlango na hapo ndo anamsubiri binti yake, kwa utulivu kabisa, maana yupo lindoni. Na kuna kitu cha ziada ambacho hatukukipanga, mlango wa mbele haujawahi kubaki wazi tena tangu siku hiyo.

Watu wengine watasema tunamdanganya. Nimelifikiria sana hili. Mimi naona uongo ungekuwa kumwambia kuna wezi wanakuja, au kumwambia mwanao yupo njiani wakati hayupo ili tu anyamaze. Sisi tunamkuta pale alipo. Kuna mwanasaikolojia Mwingereza, Tom Kitwood, alifanya kazi chuo kikuu cha Bradford kule Uingereza, miaka ya 80 na 90 alipiga kelele sana kwamba tunaiangalia dimenshia mpaka tunasahau mtu mwenye dimenshia, na kwamba namna tunavyomtendea, kumharakisha, kumsemea, kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, inamuumiza juu ya kile ambacho ugonjwa umeshaharibu. Ukikaa kwenye ukumbi wowote wa wazee nusu saa utayaona yote hayo, na yanafanywa na watu wema wenye haraka.

Sasa niwaambie kuhusu bibi wetu wa pini, sio yule mama wa daktari, maana ndo niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

Alikuja kwetu kama mtu asiyeongea. Fomu yake iliandikwa hivyo, hazungumzi. Na alikuwa na tabia iliyotutesa, anachomoa nyuzi za vitambaa vya meza. Unatandika kitambaa, anakaa, anageuza ukingo, anauweka karibu na macho, na kwa kucha ya kidole gumba anaanza, uzi baada ya uzi, mpaka pindo lote linafunguka. Ukimwondolea anafuata pindo la sketi yake. Ukimuuliza bibi unafanya nini anakutazama midomo imebanwa pamoja, imekaza, upande mmoja imekaza zaidi, anarudi kwenye kazi yake. Tukaandika kwenye ripoti, anaharibu vitu, hajibu. Mi mwenyewe niliandika hivyo kwa mkono wangu.

Siku moja mwanae aliwahi kuja kumchukua, akasimama mlangoni anamwangalia mama yake, afu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama toa pini kwanza, tuongee."

Bibi akaacha. Akapeleka vidole viwili mdomoni, akachomoa kitu ambacho hakipo, akakiweka mezani. Akachomoa kingine. Vitano au sita hivi, kimoja kimoja, akavipanga pembeni ya kitambaa vichwa vikiangalia upande mmoja. Afu akafungua mdomo akasema, "Nani amepinda hivi? Limeenda upande."

Ukumbi wote tulinyamaza. Mwanae hakuona ajabu, akatueleza tu kwamba mama alikuwa fundi cherehani, wao wamelelewa na ile cherehani, na tangu wakiwa wadogo walijua huwezi kumuuliza mama kitu akiwa anabana kitambaa kwa sababu mdomo umejaa pini, unangoja, au unamwambia atoe kwanza. Miezi yote ile sisi tulikuwa tunamuuliza mtu maswali mdomo umejaa pini. Na zaidi ya hapo, nilienda nikakichukua kile kitambaa nikakilaza sakafuni nikakitazama, na kweli, lile pindo lilikuwa limeenda upande. Lilishonwa vibaya tangu kiwandani. Alikuwa hachani vitambaa, alikuwa anafumua kazi mbaya ili ianze upya.

Kwa hiyo sasa ana kikapu. Ndani kuna vitambaa vya rangi mbalimbali vyenye mapindo yaliyopigwa bandi kwa uzi mnene wa rangi tofauti ili auone vizuri, na yeye anafumua, ananyoosha kwa kiganja, anakunja, anaweka upande wa pili. Sindano hatumpi, macho hayaruhusu, na hajaomba. Anaongea ukijua kuomba. Sio maneno mengi na mengine hayaungani, ila anaongea, juzi aliniambia shingo yangu ni fupi nisivae kola. Na jioni mwanae anasema siku za kituo mama anakula bila kusukumwa.

Nikikumbuka ile fomu, hazungumzi, nashikwa na aibu na hofu pia, ni wangapi tumewaandika hivyo. Ndo maana sasa mtu mpya akija siulizi kwanza ana ugonjwa gani. Nauliza alikuwa anafanya nini mikono yake ilipokuwa na nguvu, alikuwa anaamka saa ngapi, anapenda kukaa wapi, nani alikuwa anamwitaje, nini kilikuwa kinamkera. Familia zinaleta faili nene la hospitali na hayo hayamo humo. Jina tu lenyewe, kuna mzee alikuwa haitiki kabisa kwa jina lake, tulipoambiwa kwamba kazini miaka thelathini aliitwa kwa cheo chake, tukamwita kwa cheo, akageuka.

Kuna mengine ya haraka haraka ambayo natamani kila anayelea mzee nyumbani ayajue. Usimuulize "unanikumbuka?" Najua unauliza kwa mapenzi, ila ni mtihani, na akifeli anaona kwenye uso wako kwamba amefeli, jambo lenyewe litapotea na ule uchungu utabaki. Jitaje tu, mama ni mimi fulani mwanao, nimekuja tukae. Mpe jambo moja kwa wakati na umngoje, sio sekunde mbili, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, mara nyingi alikuwa anakuja kukujibu wewe ukamkatiza kwa kurudia swali. Zulia jeusi au kapeti nyeusi ya kufutia miguu mlangoni inaweza kuonekana kama shimo, anayekataa kupita hapo sio mkaidi, na wewe usingepita juu ya shimo. Chakula cha rangi nyepesi kwenye sahani nyeupe kwenye kitambaa cheupe hakionekani, tumia sahani ya rangi kali uone. Na maji mpe bila kusubiri aombe, kiu yenyewe inapungua na umri hata kwa asiye mgonjwa.

Na hili nalisema kwa msisitizo kabisa: dimenshia kwa kawaida inaenda polepole. Mtu aliyekuwa sawa Jumatatu kwa kiwango chake, Jumatano amechanganyikiwa vibaya, anasinzia hovyo au anapigana, usidhani ni dimenshia tu imezidi ghafla, kuna kitu kimeingia. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, au kifua, au choo kimefunga siku kadhaa, au dawa mpya, au ana maumivu hawezi kuyasema. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Tuliwahi kuwa na bibi ambaye alipelekwa hospitali fulani familia ikaambiwa ni uzee na ugonjwa wake tu mrudisheni nyumbani, mtoto wake alikataa kuondoka mpaka mkojo upimwe, kupimwa wakakuta maambukizi, wiki moja ya dawa bibi akarudi kwetu akiimba. Kama angekubali kuondoka sijui.

Sasa wewe mtoto unayejiona unamtupa mzazi ukimleta kituoni. Nawaona asubuhi, mnamkabidhi mnaondoka haraka bila kugeuka, na wengine mnakaa kwenye gari nje muda mrefu kabla ya kuwasha. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia mwaka 2021, na sehemu kubwa ya kazi ya kulea inafanywa na watu wa nyumbani, wanawake zaidi, bila malipo na bila siku ya kupumzika. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Steven Zarit, yeye na wenzake waliwafuatilia walezi siku kwa siku, wakalinganisha siku ambazo mgonjwa yupo kituoni na siku ambazo yupo nyumbani, na siku za kituo stresi ya mlezi inapungua. Unaweza kusema hilo mbona linajulikana, ila mi nimeona watu wanahitaji kuambiwa na mtu wa nje kwamba wana ruhusa ya kupumua. Na kama ile hisia inabaki kwa mzee basi hisia yako wewe pia anaibeba, ukiwa umekonda kwa uchovu na unamjibu kwa meno, anajua, hata kama hajui wewe ni nani.

Sitaki mtu adhani kila siku ni nzuri. Kuna siku mtu ananitemea chakula usoni, kuna siku bibi mmoja analia tangu afike mpaka anaondoka na tumejaribu kila kitu, wimbo, bustani, kumshika mkono, kumwacha peke yake, na hatujagundua. Anaondoka vile vile na mimi naenda nyumbani na kilio chake masikioni. Wapo ambao pini yao hatutaijua kwa sababu hakuna aliyebaki wa kutuambia, mume amekufa, watoto wako mbali, anayemleta ni jirani. Kwa hao tunaangalia mikono tu. Kuna mmoja anafanya hivi kwa vidole, anazungusha kitu kidogo kati ya gumba na cha shahada, anasimama, anazungusha tena, anapeleka sikioni. Nina kama miezi minne naiangalia hiyo. Mwenzangu anasema redio. Mimi nadhani ni saa, saa ya kutia ufunguo, wiki hii natafuta ya kuazima nimwekee mezani nione.

Na bibi wa pini keshafumua kikapu kizima leo, amefika mwisho kabla hata ya saa ya mzee kukagua milango, akabaki anakunja kunja mikono bila kazi. Kwa hiyo nimebeba vitambaa kuja navyo nyumbani, vipo hapa mapajani naandika huku navisogeza. Kumi na viwili. Navipiga bandi usiku huu ili kesho viwe tayari, na uzi mwekundu ndo anauona vizuri zaidi.